Namna ya kuhesabu marejeo yako mwenyewe kabla hujapeleka faili la kupandishwa daraja

Mwalimu mmoja wa chuo alinijia maktaba asubuhi moja ya kusi, faili kalikumbatia kifuani.

"Shikamoo, Maalim," akasema, hata kiti hajakivuta. "Wananambia najirejelea mno. Sijui hata nijibu nini."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza. Wamekwambia umejirejelea mara ngapi?"

Hakujua. Na waliomwambia, nilipokuja kuuliza, nao hawakujua. Walitazama orodha ya marejeleo ya makala yake moja, wakaona jina lake limejirudia, wakatosheka na hapo. Anatafiti mwani. Kilimo hicho kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na yeye kwa miaka mingi anapima joto la maji na maradhi ya kotonii, aina mojawapo ya mwani, katika mashamba yale yale. Takwimu za miaka hiyo zimo ndani ya makala zake kwa sababu hakuna mwengine aliyekwenda kuzikusanya. Asipojirejelea, amrejelee nani?

Tulikaa naye siku mbili tukahesabu. Haya ninayoandika ndiyo tuliyoyafanya, hatua kwa hatua, kwa yeyote wa Unguja au Pemba anayetayarisha faili lake. Mtafiti anayefanya kazi visiwani, katika jambo linaloshughulikiwa na watu wachache, atajirejelea zaidi kuliko mwenzake wa fani kubwa, na hana sababu ya kuona haya kwa hilo. Ila ni lazima ajue amejirejelea kiasi gani, na aweze kuonesha kila rejeo linafanya kazi gani. Anayepeleka faili bila ya kuhesabu amewaachia wengine wamhesabie kwa macho.

Kuhusu maneno tu: kurejelea ni kuitaja kazi fulani ndani ya makala na kuiweka katika orodha ya marejeleo mwishoni. Makala moja ikiitaja kazi yako mara tano katika kurasa zake, bado ni rejeo moja. Kujirejelea ni pale anayetaja na anayetajwa wanapokuwa mtu mmoja, au, kwa jarida, jarida moja.

Hatua ya kwanza: weka jina lako sawa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wanaporuka.

Mitambo ya kuhesabu marejeo ilitengenezwa na watu wenye jina la ukoo. Wengi wetu hatuna. Mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake, basi. Chukua mfano: jina lako Asha, baba Juma, babu Khamis. Makala ya kwanza uliandika majina yote matatu. Ya pili aliituma mwenzako, akakuandika A. J. Khamis. Ya tatu uliituma ukiwa masomoni nje, na kule walikusajili Hamis, bila ya ile K. Ya nne, jarida likadhani Asha ndilo jina la ukoo, likakuweka Juma K. Asha. Wewe ni mmoja; mtambo unaona wanne.

Matokeo yake ni mabaya pande zote mbili. Makala yako ya nne ikiirejelea ya kwanza, mtambo unahesabu kuwa mgeni kamtaja mgeni. Uwiano wako wa kujirejelea unashuka kwa uongo ambao hukuukusudia, lakini mkaguzi makini akiugundua ni wewe utakayeulizwa. Upande wa pili, visiwa vyetu vimejaa akina A. Khamis. Mmoja wao akiwa anatafiti malaria Pemba, makala zake zinaweza kuingia katika ukurasa wako, na ukapewa marejeo ambayo hukuyatolea jasho. Nimewahi kuona ukurasa wa mwalimu wa fasihi wenye makala tatu za kichocho.

Kwa hiyo anza na ORCID. Ni nambari ya utambulisho yenye tarakimu 16, hutolewa bure, na ipo tangu 2012. Ukishajisajili, nenda kwenye sehemu ya majina mengine uandike kila sura ya jina lako iliyowahi kuchapishwa, hata zile zilizokosewa. Kisha ingiza makala zako moja moja kwa kutumia DOI, ile nambari ya kudumu inayoanza na 10 na nukta. Ukimaliza, fungua ukurasa wako wa Scopus, hifadhidata ya makala na marejeo yake, na uombe kurasa zilizogawanyika ziunganishwe, kisha ingia Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafutia kazi za kitaaluma, ufute kila kisicho chako. Hili la kufuta watu hulionea uchungu, kwa vile idadi inapungua. Futa.

Baada ya hapo chagua sura moja ya jina na usiibadilishe tena. Mimi huwashauri watu waliweke jina la babu mwisho, kwa herufi zile zile zilizomo katika paspoti, na waiandike nambari ya ORCID katika kila makala wanayotuma. Masahihisho ya Scopus hayafanyiki siku hiyo hiyo, basi usingoje wiki ya kufunga maombi.

Hatua ya pili: chagua chanzo kimoja, andika na tarehe

Google Scholar itakupa idadi kubwa kuliko Scopus, na Scopus mara nyingi itakupa kubwa kuliko Web of Science, hifadhidata nyengine ya aina yake. Hakuna anayesema uongo. Google Scholar huokota kila kitu: tasnifu za wanafunzi, ripoti za miradi, mada za makongamano. Hao wawili wengine huhesabu majarida na vitabu walivyovichagua wenyewe. Ukichanganya, kwa mfano ukatoa idadi ya marejeo Google Scholar na ya kujirejelea Scopus, umepata asilimia isiyo na maana yoyote.

Kwa watu wa bahari, kilimo na afya, Scopus inatosha, chuo chako kikiwa kimelipia. Kwa walimu wa Kiswahili nasema wazi watumie Google Scholar, kwa sababu sehemu kubwa ya vitabu na majarida ya fani yao haimo katika hizo nyengine. Andika jina la chanzo na tarehe uliyotazama, maana idadi hubadilika kila wiki.

Hatua ya tatu: tenga ya kwako na ya wageni

Kabla hujatenga, amua "wewe" ni nani. Kuna maana mbili. Kwa maana nyembamba, rejeo ni la kwako mwenyewe pale jina lako linapokuwa katika makala inayorejelea na inayorejelewa. Kwa maana pana, hata mmoja tu wa waandishi wenzako akiirejelea kazi mliyoiandika pamoja, wewe ukiwemo katika makala inayorejelea au usiwemo, rejeo hilo nalo linatolewa. Kwa mtu anayeandika peke yake tafauti ni ndogo. Kwa watu wa afya wa Pemba, ambao makala moja inaweza kuwa na waandishi kumi na tano, tafauti ni kubwa sana. Tumia ile unayoiona ya haki kwa fani yako, lakini itaje kwa jina.

Katika Scopus, ingia ukurasa wa mwandishi, fungua muhtasari wa marejeo, na utaona visanduku vya kuondoa marejeo ya mwandishi huyu au ya waandishi wote. Web of Science nayo, katika ripoti yake ya marejeo, huonesha jumla na jumla bila ya kujirejelea, zote mbili pamoja. Google Scholar haina kitufe cha namna hiyo. Huko unafanya kwa mkono: bonyeza idadi iliyo chini ya makala, weka alama kwenye kisanduku cha kutafuta ndani ya makala zinazoirejelea, andika author: kisha jina lako, uhesabu zinazotoka. Rudia kwa kila sura ya jina lako. Ukiwa na makala kumi hivi, kazi inakwisha ndani ya saa mbili na birika la chai.

Hatua ya nne: hesabu mara mbili

Tarakimu hizi si za yule mwalimu wa mwani, nimezitunga ili hesabu ionekane.

Tuseme una makala 9, zimerejelewa mara 31, 22, 17, 11, 9, 8, 7, 4 na 1. Jumla ni 110. Ukitoa marejeo yako mwenyewe zinabaki 25, 18, 14, 8, 6, 4, 3, 2 na 0, jumla 80. Umejirejelea mara 30, yaani asilimia 27 ya yote uliyopokea.

Sasa fahirisi ya h, tarakimu moja inayopima idadi ya makala na marejeo yake kwa pamoja. Hii aliitoa mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005, na kuihesabu ni rahisi: panga makala kuanzia iliyorejelewa zaidi, shuka ukihesabu, na simama pale nambari ya mstari inapotaka kupita idadi ya marejeo. Katika orodha ya kwanza, makala ya saba ina marejeo 7, ya nane ina 4. Basi h ni 7. Katika orodha ya pili, ya tano ina 6 na ya sita ina 4. h ni 5.

Tazama ilivyoshuka. Makala ya juu kabisa imepoteza marejeo 6, mengi kuliko yoyote, na kupotea kwake hakukubadilisha h hata kidogo. Kilichoishusha ni makala ya sita na ya saba, zilizokuwa zimekaa ukingoni. Anayetaka kuipandisha h yake kwa hila huzirejelea hizo za ukingoni, na mkaguzi anayejua kazi hutazama huko huko. Kwa hiyo kagua za ukingoni kwanza. Ukiona makala mbili dhaifu za ukingoni zimebebwa na marejeo yako mwenyewe, ni bora ulijue wewe kabla ya kamati.

Je, asilimia 27 ni nyingi? Mwaka 2019 ilitolewa katika jarida la PLOS Biology hazina ya takwimu za wanasayansi takriban 100,000 waliorejelewa zaidi duniani. Mtu wa katikati katika orodha hiyo alikuwa na asilimia 12.7, na hesabu hiyo inaingiza pamoja marejeo ya waandishi wenza. Watu wasiopungua 250 walipita asilimia 50. Lakini hao ni watu waliorejelewa maelfu ya mara, na kadiri dunia inavyokurejelea ndivyo sehemu yako mwenyewe inavyopungua. Mtu mwenye makala 9 hawezi kupimwa kwa kipimo hicho. Kijana mwenye asilimia 27 katika fani ya watu wachache hanishughulishi. Angekuwa na asilimia 60 ningemtaka tufungue makala moja moja.

Hatua ya tano: ifungue orodha yako ya marejeleo

Hadi hapa tumehesabu marejeo uliyopokea. Kuna hesabu ya pili ambayo watu huichanganya na hiyo: katika orodha ya marejeleo ya makala yako, ni mangapi uliyojipa mwenyewe? Mtu anaweza kuwa na asilimia kubwa upande mmoja na ndogo upande wa pili. Yule mwalimu alihukumiwa kwa hii ya pili, na majibu yake tuliyapata tulipoipitia orodha mstari kwa mstari, kalamu nyekundu mkononi.

Kwa kila rejeo la kwako jiulize kama mgeni kutoka Kenya au Ufilipino, akiandika makala hiyo hiyo, angelazimika kulitaja. Linabaki ikiwa ndimo zilimo takwimu unazozitumia, au ndimo ilimoelezwa njia ya kupimia uliyoifuata, au ndimo lilimo dai ambalo sasa unalisahihisha. La mwisho hilo ni muhimu, na watu hulisahau: ulichokosea zamani ni wajibu wako kukirejelea.

Tulikuta mistari miwili katika makala yake. Wa kwanza ulisema kwamba joto la maji lilipimwa kwa utaratibu ulioelezwa katika makala yake ya awali. Rejeo moja, lina kazi, likabaki. Wa pili ulisema, "Wakulima wengi wa mwani Zanzibar ni wanawake," na nyuma yake yamepangwa marejeo matano, yote yake. Nikamuuliza, "Hili ni wewe uliyeligundua?" Akacheka. Kila mtu anayejua pwani ya mashariki analijua, na wameliandika watu wengi kabla yake. Tukaondoa manne, tukabakisha moja lenye hesabu ya kaya, tukaongeza mawili ya watafiti wengine waliolitangulia. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, lakini ngozi ikivutwa upande mmoja tu, ngoma hailii.

Katika kupitia orodha namna hii, na khasa nikikaa na wanawake, mara nyingi kazi yangu huwa kumwambia mtu aongeze. Utafiti uliopitia makala milioni 1.5 za maktaba ya JSTOR, za kuanzia 1779 hadi 2011, ulikuta kuwa wanaume hujirejelea kwa asilimia 56 zaidi ya wanawake. Nami naliona dawatini: mwanamke ameunda dodoso, amelijaribu Micheweni na Mkoani, kisha katika makala inayofuata anaandika "dodoso lilitumika" bila ya kusema limetoka wapi, kwa kuchelea kuonekana anajisifu. Msomaji hawezi kulitafuta. Rejeo lililokosekana hapo ni upungufu wa kisayansi, na yule mwalimu wa mwani tulimwongezea mawili ya aina hiyo.

Hatua ya sita: lihesabu na jarida

Faili nyingi zina safu ya kipimo cha athari cha jarida, kile ambacho ofisini wanakiita impakti fakta. Alikibuni Eugene Garfield wa Marekani, aliyelitoa wazo la fahirisi ya marejeo mwaka 1955. Ripoti za kila mwaka za vipimo vya majarida zilianza 1975 na leo zinatolewa na kampuni ya Clarivate. Kilikuwa cha kuchagulia majarida, na wakutubi kama mimi tulikitumia kuamua lipi la kununua. Kupima mtu kwacho kumekuja baadaye, na mimi sikubaliani nako. Lakini fomu inakitaka, basi kijue.

Hesabu yake: chukua marejeo ambayo jarida limepata mwaka huu kwa makala zake za miaka miwili iliyopita, gawa kwa idadi ya makala ilizochapisha katika miaka hiyo miwili. Tuseme jarida lilichapisha makala 40 mwaka 2022 na 44 mwaka 2023, jumla 84, na mwaka 2024 makala hizo zikarejelewa mara 126. Kipimo chake cha 2024 ni 1.5. Sasa tuseme marejeo 42 kati ya hayo yametoka ndani ya jarida lenyewe. Ukiyatoa yanabaki 84, na kipimo kinakuwa 1.0. Ripoti ya Clarivate ina safu inayoonesha tarakimu hii ya pili. Itafute, uiandike kando ya ile ya kwanza.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba hiyo ni wastani, na wastani huvutwa na mmoja. Jarida la Acta Crystallographica A lilikuwa na kipimo cha 2.051 mwaka 2008. Mwaka uliofuata likapanda hadi 49.926 kwa sababu ya makala moja tu, kuhusu programu za kompyuta ambazo watafiti wa fuwele huzitumia. Makala nyengine za jarida hilo zilibaki zilivyokuwa.

La pili ni ile miaka miwili. Mwaka 2006 jarida la The Lancet lilichapisha majaribio makubwa yaliyofanyika Pemba, ya kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki mahali penye malaria nyingi. Matokeo yalionesha madhara, na yalibadilisha tahadhari za kidunia kuhusu chuma kwa watoto. Makala hiyo inarejelewa mpaka leo, lakini katika kipimo cha athari cha jarida iliingia kwa miaka miwili tu, 2007 na 2008. Kazi za mwani, za lugha na za misitu ya mikoko husomwa polepole na kwa muda mrefu. Dirisha la miaka miwili huzifungia nje. Viko vipimo vyengine vya majarida. CiteScore ya kampuni ya Elsevier ina dirisha la miaka minne, na kwa fani zetu ni afadhali, ingawa haiondoi kujirejelea. SJR ya Hispania hupunguza: marejeo ya jarida kwa lenyewe hayahesabiwi zaidi ya asilimia 33. Eigenfactor huyaondoa yote.

Jarida linalojirejelea kupita kiasi linaweza kuondolewa katika ripoti ya Clarivate kwa mwaka mzima. Mwaka 2020 yaliondolewa 33, na miongoni mwao lilikuwamo Zootaxa, jarida kubwa la kuelezea viumbe vipya. Wataalamu wa uainishaji walilalamika dunia nzima: fani ni ndogo, kazi nyingi zinachapishwa hapo hapo, nani mwengine wa kumrejelea? Clarivate ikalirudisha. Kisa hiki kiweke karibu, kwa sababu hoja yao ni ile ile ya mtafiti wa mwani wa Jambiani. Na jarida lililopo hapa kwetu, Western Indian Ocean Journal of Marine Science, linalotolewa tangu 2002 na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao yake Zanzibar, lazima lisomwe kwa jicho hilo. Bahari yetu hii inaandikwa katika majarida machache, na makala za humo kutajana ni jambo la kutarajiwa.

Jarida lisilomo katika Web of Science halina kipimo cha athari cha Clarivate, nukta. Ukiona tovuti ya jarida inatangaza "impakti" yake kwa jina refu la taasisi usiyoijua, itafute katika orodha ya Clarivate wenyewe. Isipokuwamo, usiitie katika faili. Tarakimu moja ya kughushi hutia shaka zilizobaki zote.

Hatua ya saba: mhariri akikutaka uongeze marejeo

Hili litakufika. Mtafiti mmoja niliyemsaidia alipata barua ya jarida ambalo sitalitaja. Wahakiki walikuwa wameridhika na makala yake. Mhariri akaandika kwamba kabla ya kukubaliwa aongeze angalau marejeo sita kutoka jarida lile, "khasa ya miaka miwili iliyopita". Hakutaja makala yoyote, wala hakusema ni hoja gani ndani ya kazi inayokosa ushahidi.

Ukishaielewa hatua ya sita, maneno "miaka miwili iliyopita" yanajieleza yenyewe. Yanataka kulisha kipimo. Mhariri anayetaka kazi iwe bora hukwambia, aya yako ya tatu inadai jambo fulani, tazama makala fulani. Mambo haya yamechunguzwa: mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti ambamo takriban mtu mmoja kati ya watano waliojibu alisema amewahi kushinikizwa hivi.

Mtafiti yule hakukataa kwa hasira, wala hakutii. Alizitafuta makala za jarida lile zilizogusa mada yake, akasoma nane, akakuta mbili zina maana. Akajibu kwa adabu: nashukuru kwa ushauri, nimezipitia makala zifuatazo, hizi mbili nimezitaja katika aya ya nne na ya tisa kwa sababu hizi, zilizobaki hazigusi swali la utafiti huu, na nitafurahi kutazama makala mahususi mhariri atakayoipendekeza. Makala ikakubaliwa. Isingekubaliwa, ningemshauri aiondoe aipeleke kwengine, barua akaihifadhi, na ikiwa jarida ni mwanachama wa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, alalamike huko. Kijana anayeogopa kupoteza makala moja na amuonyeshe barua mwalimu wake mkubwa kabla hajajibu.

Mhakiki naye anaweza kukutaka urejelee kazi zake. Jibu ni lile lile: soma, chukua yenye maana, eleza kwa nini umeacha nyengine.

Na neno kwa wanaokaa upande wa pili wa meza, wajumbe wa kamati. Italia ilipoanza, baada ya sheria ya mwaka 2010, kutumia idadi ya marejeo kuamua nani apande cheo, watafiti wake walianza kujirejelea zaidi, na wachambuzi waliliona wazi katika takwimu. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mkihesabu marejeo tu, mtaletewa marejeo tu. Azimio la San Francisco la 2013 limeomba kipimo cha jarida kisitumike kumpimia mtu. Someni makala mbili tatu za mwombaji, nawasihi. Zimo humo humo ndani ya faili.

Hatua ya nane: andika aya moja, uiweke mbele

Haya yote hayana faida yakibaki katika daftari. Andika aya fupi, ya ukweli, kabla ya orodha ya machapisho. Kwa zile tarakimu za mfano ingekuwa hivi:

"Makala zangu 9 zimerejelewa mara 110 katika Scopus kufikia tarehe niliyoiandika hapo juu. Kati ya hizo, 30 (asilimia 27) ni marejeo yangu mwenyewe, kwa maana ya makala yenye jina langu. Ukiyatoa yanabaki 80. Fahirisi yangu ya h ni 7, na 5 bila ya kujirejelea. Sehemu kubwa ya marejeo yangu mwenyewe yanatokana na takwimu za joto la maji za Paje na Jambiani ambazo zimechapishwa katika makala zangu tu. Kila moja limeelezwa katika jedwali la kiambatanisho."

Jedwali lenyewe ni safu tatu katika Excel: makala inayorejelea, makala inayorejelewa, na maneno matano au sita ya sababu. Ukikuta mstari ambao sababu yake huwezi kuiandika, uache wazi vile vile ulivyo, usiupambe, na katika makala ijayo rejeo kama hilo usilitie.

Mwalimu wa mwani aliandika aya yake kwa mkono kwanza, pale pale mezani, akafuta neno "tu" mara mbili na kulirudisha. Nikamwambia ailete ikiwa imepigwa chapa, pamoja na nakala ya ukurasa wa Scopus wenye tarehe ili tuibane nyuma ya jedwali, na faili alipeleke Jumatatu mapema kabla ya foleni.